Natafuta tochi mbadala ya mashine ya zamani ya plasma. Niliyonunua mwanzo haikufaa

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu mafundi, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua kwa miezi miwili sasa. Nina mashine ya kukatia chuma kwa plasma, ya ampea 60, ile ya muundo wa zamani yenye transfoma kubwa ndani, nzito hata haihamishiki bila watu wawili. Mashine yenyewe ni nzima na imenifanyia kazi kwa uaminifu muda mrefu. Kilichokufa ni tochi, yaani kichwa cha kukatia pamoja na kebo yake.

Tatizo lilianza polepole. Kwanza tao, yaani mwale wa umeme unaokata chuma, lilikuwa linawaka baada ya kubonyeza swichi mara mbili tatu, kisha likawa linawaka pale tu ninapobadilisha elektrodi (kijiti cha shaba cha ndani kinacholeta umeme) na nozeli (ncha yenye tundu ambamo tao hutokea), na mwisho likakataa kabisa. Nilipofungua kikombe cha nje na kukiangalia kichwa kwa kioo cha kukuzia, niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye kihami (sehemu isiyopitisha umeme) kinachotenganisha sehemu ya elektrodi na sehemu ya nozeli, na ndani ya ufa huo mna mstari mweusi wa kaboni. Kwa maneno mengine, umeme umejitafutia njia ya mkato ndani ya kichwa, na hauna tena sababu ya kuruka kwenye nafasi inayotakiwa.

Kibandiko cha mashine kimefutika karibu chote. Kinachosomeka ni ampea 60 na alama ya muda wa kazi wa asilimia 60, ambayo naielewa kuwa ni dakika sita za kukata katika kila dakika kumi. Jina la toleo halisomeki, na kwenye tochi hakuna namba yoyote iliyobaki. Hivyo nikatafuta kwa macho: nikalinganisha umbo la mpini, urefu wa kebo na ukubwa wa kiungio cha nyuma, nikanunua tochi iliyoandikwa ampea 60 ambayo ilifanana sana na yangu.

Nilipoifunga, hewa ilitoka vizuri, na ndani ya mashine ule mlio wa cheche niliouzoea ukasikika. Tao liliwaka mara moja, likazimika, kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka kwenye mpini. Nikazima papo hapo. Sasa nina tochi mbili zisizofanya kazi, na kabla ya kununua ya tatu ningependa kujua nilikosea wapi. Je, ampea na kiungio havitoshi kuwa vigezo? Na kama havitoshi, mtu asiye na jina la mashine wala namba ya tochi aanzie wapi?

Fundi Umeme

Mkuu, pole sana. Umeeleza vizuri, na jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe: ule mlio wa cheche ndani ya mashine. Ampea na kiungio ni mambo ya pili na ya tatu. Jambo la kwanza ni namna mashine inavyowasha tao, kwa sababu tochi ya plasma ni nusu ya saketi ya kuwashia, na nusu hiyo ikiwa ya aina nyingine, hata ikifungika vizuri namna gani, haitafanya kazi.

Mashine hizi huwasha tao kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya umeme wa masafa ya juu, yaani unaogeuka mwelekeo mara nyingi mno kwa sekunde. Ndani ya mashine mna pengo dogo la cheche na koili, na vyote pamoja huzalisha maelfu ya volti kwa muda mfupi sana, ambayo huruka kati ya elektrodi na nozeli na kuifanya hewa iliyopo hapo ipitishe umeme. Katika tochi ya aina hii hakuna kinachosogea: elektrodi na nozeli zimekaa mbalimbali muda wote, na kihami kilicho kati yake kimetengenezwa kustahimili volti hizo kubwa. Njia ya pili ni ya kugusana. Elektrodi husukumwa na springi hadi iguse nozeli. Swichi ikibonyezwa mkondo unapita palipogusana, kisha presha ya hewa inairudisha elektrodi nyuma, na tao linazaliwa pale zinapoachana. Tochi hii haihitaji volti kubwa za kuwashia, na kwa hiyo vihami vyake vya ndani havikuundwa kwa ajili yake.

Mlio unaousikia ni wa pengo la cheche. Mashine yako ni ya masafa ya juu. Tochi uliyonunua, kwa jinsi ilivyofanya, naamini ni ya kugusana. Hewa ilipoirudisha elektrodi nyuma, tao liliwaka mara moja, halafu yale maelfu ya volti yakapata njia rahisi zaidi kupitia sehemu za ndani za mpini, na ndiyo harufu uliyoisikia. Angekuwa mtu mwenye hali iliyo kinyume na yako, yaani mashine ya kugusana na tochi ya masafa ya juu, asingeunguza chochote; angebonyeza swichi, hewa ingetoka, na tao lisingewaka hata mara moja.

Unaweza kulithibitisha hili kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) bila kuwasha kitu. Zichomoe tochi zote mbili kutoka kwenye mashine kabisa. Fungia elektrodi, nozeli na kikombe kama kawaida, kisha upande wa nyuma pima ukinzani kati ya kondakta ya elektrodi na waya wa nozeli. Tochi ya masafa ya juu iliyo nzima haitaonyesha mawasiliano yoyote. Tochi ya kugusana itaonyesha karibu sifuri, kwa sababu elektrodi imelala juu ya nozeli. Ukiipelekea hewa, mawasiliano yatakatika. Kipimo hiki hufanyika kwa dakika moja, na ningependa kila anayenunua tochi iliyotumika akifanye kabla ya kuichukua.

Kuna pia aina ya tatu, ya mashine ndogo za zamani zaidi, ambazo hazina kabisa tao la kuanzia, yaani tao dogo linalowaka kati ya elektrodi na nozeli kabla ya kuhamia kwenye chuma: unaikwaruza nozeli kwenye chuma ili iwake. Hizo utazitambua kwa kukosa waya wa nozeli. Yako unao, basi tuiache.

Jambo moja kabla hujafungua mashine: chomoa plagi, subiri, kisha pima volti kwenye kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa) kwa multimita na uhakikishe zimeshuka. Katika kuchomelea kwa kawaida, kiwango cha kimataifa cha IEC 60974-1 kinaweka kikomo cha volti 113 za mkondo mnyoofu (DC) pale ambapo hakuna tao. Mashine za plasma huruhusiwa kuzidi hapo, na nyingi hufika volti 250 hadi 300. Hizo zinaua.

Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, mkuu. Nimepima. Tochi mpya imeonyesha ukinzani chini ya omu moja, na nilipoingiza hewa mawasiliano yakakatika, kama ulivyosema. Tochi ya zamani ilipaswa isionyeshe kitu, lakini multimita inaonyesha ukinzani wa kilo-omu kadhaa unaobadilika nikiutikisa mpini. Nadhani huo ndio ule mstari wa kaboni.

Nimefungua na ubavu wa mashine baada ya kuhakikisha kapasita hazina kitu. Pengo la cheche lipo, vijiti viwili vinavyotazamana kwa nafasi ndogo isiyofika milimita moja, na karibu yake kuna koili ya waya mnene yenye mizunguko michache. Nyuma ya paneli zinaingia njia hizi: kondakta kubwa iliyo ndani ya bomba la hewa, waya mmoja wenye kihami kinene, na jozi mbili za nyaya nyembamba. Kondakta kubwa naijua. Waya mnene nadhani ni wa nozeli. Jozi moja ni ya swichi. Jozi ya pili ni ya nini?

Fundi Umeme

Jozi ya pili ni ya ulinzi wa vipuri. Inapita hadi kwenye kichwa cha tochi na kukamilishwa na kikombe cha nje kinapofungwa. Kikombe kisipokuwepo, au kikiwa hakijakazwa, saketi hiyo iko wazi na mashine inakataa kutoa umeme. Sababu ni zile volti nilizozitaja: mtu anapobadilisha elektrodi, vidole vyake viko juu ya sehemu inayobeba umeme wote wa mashine.

Usichanganye kondakta ya elektrodi na waya wa nozeli. Elektrodi huwa upande hasi. Waya wa nozeli huenda upande chanya kupitia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na rezista (kipuri kinachopunguza mkondo), hubeba mkondo mdogo wa tao la kuanzia tu, na mashine huukata mara tao linapohamia kwenye chuma. Ukivigeuza, nozeli itaharibika katika sekunde ya kwanza.

Mkata Bati

Nami niongeze machache, kwa kuwa nimebadilisha tochi za mashine kuukuu mara kadhaa na nimejifunza kwa kupoteza vipuri vingi.

Kwanza, usichague tochi. Chagua vipuri vyake. Tochi unainunua mara moja, lakini elektrodi na nozeli utazinunua kila mara kwa muda wote utakaokuwa na mashine hiyo. Nilishawahi kufunga tochi bora kabisa, ya muundo ambao hakuna aliyeendelea kuutengeneza, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa nimerudi nilikoanzia. Elektrodi hizi ni shaba yenye punje ya metali iitwayo hafniamu katikati, na punje hiyo ndiyo inayoliwa kila tao linapowaka. Shimo lake likifika kina cha takribani milimita 1.5, elektrodi imekwisha, na kuendelea kuitumia ni kuhatarisha nozeli na hata kichwa chenyewe. Ufa wa kichwa chako huenda ulianzia hapo, kwenye joto la elektrodi iliyotumika kupita muda wake.

Pili, angalia kama mtengenezaji wa mashine alitoa tochi ya kubadilishia. Wapo waliofanya hivyo. Hypertherm walitoa tochi za Duramax kwa ajili ya mashine zao za zamani kama Powermax1000, 1250 na 1650. Thermal Dynamics nao waliiuza 1Torch pamoja na viungio vya kuifunga kwenye mashine za watengenezaji wengine. Kwa mashine yako isiyo na jina, itabidi uangalie tochi za matumizi ya jumla, kwa mfano za kundi la A81 za Trafimet ya Italia, ambazo vipuri vyake vimeenea. Lakini uwe mwangalifu, kwa sababu tochi zenye umbo hilohilo hutengenezwa na viwanda vingi, na mpangilio wa nyaya unaweza kutofautiana. Muulize muuzaji maswali matatu kwa maandishi: inawashwaje, ina nyaya ngapi za udhibiti, na je, ulinzi wa vipuri uko katika jozi yake au umeungwa mfululizo na swichi.

Tatu, ampea. Tochi yenye uwezo mkubwa kuliko mashine haina ubaya. Ya ampea 80 kwenye mashine ya ampea 60 itapata joto dogo na kudumu zaidi, mradi nozeli unayoifunga iwe ya ampea unazokatia. Nozeli yenye tundu kubwa mno itakupa tao pana lisilo na nguvu. Yenye tundu dogo mno ni mbaya zaidi: tao hugawanyika, sehemu yake ikapita kwenye mwili wa nozeli badala ya tundu, na tundu likapanuka upande mmoja.

Nne, hewa, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hewa ndiyo inayokuwa plasma, na hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza kichwa na kondakta iliyo ndani ya bomba. Tochi mpya ikihitaji hewa nyingi kuliko mashine yako inavyopitisha, utaiunguza bila kujua. Soma presha wakati hewa inatiririka, si wakati imetulia. Tochi nyingi za ukubwa huu hutaka kati ya bar 4.5 na 5.5, lakini ufuate karatasi ya tochi yenyewe. Na ukaushe hewa. Maji yanayotoka kwenye kompresa humaliza elektrodi haraka kuliko kazi.

Tano, urefu. Usirefushe kebo kuliko ile ya zamani. Umeme wa masafa ya juu huvuja kidogo kidogo njiani kupitia kihami, na kebo ikiwa ndefu mara mbili, cheche inaweza kufika kwenye nozeli ikiwa dhaifu mno.

Mikono Kazini

Wakuu, mimi nilikuwa na hali kama hii, na tochi niliyoipata ilikuwa na jozi moja tu. Niliziunganisha zile nyaya mbili za ulinzi nyuma ya paneli, mashine ikadhani kikombe kipo muda wote, na nimekata nayo hadi leo bila tatizo. Mwanzisha uzi anaweza kufanya hivyo na kujipunguzia usumbufu wa kutafuta tochi yenye jozi mbili.

Fundi Umeme

Ndugu yangu, nakuomba kwa dhati uzitenganishe nyaya hizo. Najua imekufanyia kazi, na itaendelea kukufanyia kazi hadi siku utakapobadilisha nozeli bila kuzima mashine, au siku swichi ya mpini itakapong'ang'ania ikiwa imebonyezwa, au siku kijana unayemfundisha atakapoishika tochi iliyofunguliwa na kuibonyeza ili kuona kama hewa inatoka. Siku hiyo hakutakuwa na kitu chochote kati ya mkono wake na volti 300. Tochi na mashine huhesabiwa kuwa mfumo mmoja wa usalama, na jozi hiyo ndiyo inayoufanya uwe mmoja. Hata kama tochi yako ina ulinzi ulioungwa mfululizo na swichi, mashine iliyoundwa kusoma jozi mbili sasa inasoma uongo katika mojawapo, na wewe mwenyewe huwezi kujua ni hitilafu ipi itakayopita bila kuzuiwa.

Kwa mwanzisha uzi: tafuta tochi yenye jozi mbili. Ikichelewa, subiri.

Mikono Kazini

Nimekuelewa, mkuu. Sikuwa nimefikiria habari ya swichi kung'ang'ania. Nitazifungua leo na kuanza kutafuta tochi inayofaa.

Mkata Bati

Swali dogo kwa mwanzisha uzi. Kebo yako ya zamani ikoje? Pengine kichwa pekee kingetosha.

Mwanzisha uzi

Nililifikiria hilo, mkuu, na nikaipasua ganda la nje sehemu ya karibu na mpini ili nione. Bomba la hewa limekuwa gumu kama plastiki kavu, na nyuzi za shaba za mwanzoni, mahali kebo inapojikunja kila siku, zimegeuka kijani na nyingine zimekatika. Kufunga kichwa kipya kwenye kebo hiyo kungekuwa kuhamisha tatizo tu. Nimeamua kubadilisha vyote.

Mwanzisha uzi (wiki tano baadaye)

Narudi na matokeo, kwa kuwa si haki kuuliza na kisha kunyamaza.

Nimepata tochi ya ampea 80, ya kuwashwa kwa masafa ya juu, yenye kebo ya mita 6, jozi mbili za nyaya nyembamba, na vipuri ambavyo nimevithibitisha kwa wauzaji watatu tofauti kabla ya kulipa. Sitaandika jina la toleo kana kwamba ni jibu la kila mtu, kwa sababu muuzaji mmoja alinionyesha tochi mbili zenye jina hilohilo, moja ya jozi moja na nyingine ya jozi mbili. Niliipima kwa multimita pale pale: kati ya elektrodi na nozeli hakukuwa na mawasiliano, jozi ya ulinzi ilifunga kikombe kilipokazwa na kufunguka kilipolegezwa, na jozi ya swichi ilifunga nilipobonyeza tu.

Kazi kubwa ikawa kiungio. Nyuzi za skrubu za upande wa mashine hazikuoana na za tochi, na hapa nilikaribia kufanya kosa lingine, kwani mbili hizo zilikubali kuingiana mizunguko miwili kabla ya kukwama. Nilikuwa tayari kuzikaza kwa nguvu. Badala yake nilipima kipenyo kwa kaliper na hatua ya nyuzi (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) kwa geji, nikakuta moja ni ya milimita na nyingine ya inchi. Fundi wa lathi alinichongea kiungio cha shaba nyeupe chenye nyuzi za kila upande, na tundu lake la kati tulilifanya pana kuliko la bomba ili hewa isibanwe. Kiungio hicho kinabeba mkondo wote, kwa hiyo nilikiweka mbali na bodi ya mashine na kukivika kihami kinachostahimili joto. Kwa volti za kuwashia, nafasi ya milimita chache kutoka kwenye chuma cha paneli haitoshi.

Nilijaribu kwa hatua. Kwanza hewa peke yake, na presha ikasimama bar 5 wakati inatiririka. Pili nililegeza kikombe na kubonyeza swichi, mashine ikakataa, nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Tatu nilikaza kikombe, nikaelekeza tochi mbali na chuma na kubonyeza kwa sekunde moja: tao la kuanzia likatoka kwenye nozeli likiwa limenyooka, bila harufu yoyote. Ndipo nikafunga kibanio cha ardhi kwenye bamba la milimita 10 na kukata kwa nozeli ya ampea 60. Cheche zilitoka chini zikiwa zimelala nyuma kidogo, na takataka iliyobaki ukingoni ilitoka kwa kugongwa na nyundo mara moja.

Baada ya dakika sita za kukata nilizima, nikaushika mpini na kebo yote hadi kwenye paneli. Mpini ulikuwa vuguvugu, kebo baridi, na kiungio cha shaba nyeupe kilikuwa na joto ambalo mkono unaweza kulivumilia. Nitakikagua tena baada ya wiki moja ya kazi, na kama nyuzi zake zitakuwa zimelegea nitaandika hapahapa.

Ile tochi ya kugusana niliyoiunguza nimeifungua. Kati ya springi na ukuta wa ndani kuna tundu jeusi dogo kama kichwa cha pini, mahali umeme ulipopenya. Fundi Umeme, ulikuwa sahihi tangu jibu lako la kwanza.